Mwaka Tuliochora Zahanati ya Balambala

Dodoso lile lilikuwa na visanduku vitano, na sababu yangu haikuwamo. Alinipa kijana mmoja wa idara yetu hapa Mombasa, mhadhiri mpya mwenye bidii ya kuudhi, anayetafiti ni nini huwasukuma wanafunzi wa ujenzi kuingia mashindano ya kubuni majengo kwa kompyuta. Alikuwa amesikia kwamba na mimi zamani niliwahi kushindana. "Mzee Twaha, weka alama tu, dakika tano," akaniambia. Mzee! Miaka thelathini na sita, na mvi zenyewe za kuhesabika. Nikasoma: kuongeza ujuzi, kupata cheti, kushinda zawadi, kutafuta kazi, kushawishiwa na mwalimu. Nikashika kalamu, nikaiweka chini, nikaishika tena. Mwishowe nikalikunja lile karatasi nikalitia mkobani, maana kesho yake nilikuwa nasafiri kwenda Garissa kusimamia mitihani ya ufundi, na Garissa ndiko nilikoshindania. Nilikuwa sijakanyaga huko tangu nimalize chuo. Nilikuwa na namba ya simu ya Abdinoor, mwenzangu wa kundi la mashindano, na nilipompigia alicheka mpaka simu ikakwaruza. "Twaha! Bado uko hai? Kesho chakula ni kwangu, na sitaki maneno."

Nilivyofika Garissa mara ya kwanza si hadithi. Nafasi ya chuo ilitoka huko, nikaenda. Ninaoukumbuka hasa ni mwaka wa tatu. Chumba chetu cha bweni kilikuwa cha watu wanne, lakini wenzangu watatu walikuwa na jamaa mjini, na mmoja baada ya mwingine wakahamia huko, wakaniachia vitanda vitatu vitupu vyenye magodoro yaliyokunjwa. Joto la Garissa halina adabu. Nililowesha shuka nikajifunika, ikakauka kabla sijapata usingizi, nikainuka nikailowesha tena. Ijumaa baada ya swala watu walitawanyika, na kuna majuma niliyokaa kutoka Ijumaa mpaka Jumatatu asubuhi sijafungua kinywa ila kwa kusoma Kurani na kuitikia salamu. Nikabuni hila: nikawa nakwenda dukani kununua robo ya sukari ili yule mwenye duka aniambie "karibu, warya", kwao ewe kijana, na mimi niseme "ahsante". Siku moja nikafungua kabati nikakuta vifuko saba vya sukari, na mimi chai yangu huinywa bila sukari. Nilicheka peke yangu, kisha nikanyamaza kwa aibu, kana kwamba kuna mtu amenisikia.

Wala sisemi kwamba watu wa kule walinitenda vibaya. Lahaula, hapana! Nikikaa mezani kwenye kantini, waliokuwa wakizungumza Kisomali waliacha wakanizungumzisha Kiswahili, wakaniuliza habari za Mombasa, kama ni kweli watu hula pweza. Sentensi tatu, nne, halafu mazungumzo yakateleza yakarudi kwao, na mimi nikabaki nikiwatazama midomo. Uungwana wao haukuwa na kasoro, na ndio ulionimaliza. Nilidhani dini ingetosha. Msikitini tulisimama bega kwa bega, tukatoa salamu kulia na kushoto, tukatoka, na kila mtu akashika njia ya kwao. Mimi kwetu kulikuwa ni kule kwenye vitanda vitatu vitupu. Nikiwaza sasa, naona kwamba mtu anaweza kufa kwa upweke katikati ya watu wanaompenda, na hakuna wa kulaumiwa.

Tangazo la mashindano likabandikwa ubaoni mwezi wa pili wa muhula. Vikundi vya watu watatu, miezi minne, kubuni zahanati ya Balambala, kule juu karibu na mto Tana. Waandaaji hawakutaka michoro ya karatasi. Walitaka jengo zima ndani ya kompyuta: kuta, mabomba, nyaya, hesabu ya saruji, na utaratibu wa kujenga tangu kuchimba msingi mpaka kupaka rangi. Vikundi sita bora vingekwenda Nairobi kujieleza mbele ya waamuzi. Chini ya fomu palikuwa na swali: ni nini kimekusukuma kushiriki? Tulilijaza pale pale varandani, na nilisikia kila mtu akimsomea mwenzake uongo wake. Mmoja aliandika "kuendeleza jamii ya wafugaji" huku akisema kwa sauti kwamba anataka kulala hoteli ya Nairobi yenye lifti. Mimi niliandika "kukuza ujuzi wa kiteknolojia". Ukweli ni kwamba nilikuwa nimehesabu: watu watatu, miezi minne. Miezi minne ya kuwa na mtu wa kuniuliza umeamkaje. Hata zahanati wangeibadilisha iwe zizi la mbuzi, ningeingia.

Abdinoor ndiye aliyenijia. Alikuwa kijana wa Elwak, mrefu, mwenye maneno mengi, P ikimtoka B na V ikimtoka F mara kwa mara, baba yake akiuza mifugo mpakani. "Wewe ni fundi ya ile programu," akasema. "Mimi najua mabomba. Hodan anajua hesabu. Tunataka mtu wa kiwanja na bicha. Kuja kwa Eeddo, kuna feni." Eeddo kwao ni shangazi, na huyu alikuwa dada ya baba yake, Eeddo Halima, mama mnene mwenye kicheko cha kukohoa aliyekuwa na nyumba mjini. Hodan, msichana wa Tarbaj, alikuwa akiishi pale kwa sababu ya undugu wa upande wa mama ambao walinieleza mara tatu na mara tatu nikaupoteza. Tukajenga zahanati sebuleni kwake. Chumba kile naweza kukichora hata leo: mkeka wa ukuta hadi ukuta, mito mirefu imeegemezwa pembeni, mapazia mazito ya rangi ya zabibu, harufu ya ubani asubuhi na ya vitunguu mchana. Laptopu ya Abdinoor ilinguruma kama kinu cha posho, naye alisema wazi kwamba anashindania ile mpya ya zawadi, mengine ni siasa. Hodan hakusema upesi. Siku moja Eeddo alipokuwa akimsuka, nilimsikia akimwambia kwa Kiswahili, nadhani ili nami nisikie, "Nataka waandike jina langu, Eeddo. Tarbaj hakuna mtu anaamini msichana atajenga nyumba ya mawe." Eeddo akamvuta nywele. "Nyumba ya kuhama nani anajenga kama si wanawake? Kaa sawa."

Na kula! Asubuhi anjera, chapati laini za kwao, na chai ya maziwa, anjera imemwagiwa mafuta ya ufuta na sukari juu, unakunja unachovya. Mchana wali na nyama ya mbuzi, na ndizi mbivu ubavuni, ambayo mwanzo nilidhani ni ya baadaye nikaitenga, Abdinoor akaniambia niikate niile pamoja na wali. Maziwa ya ngamia yaliyochacha sikuyaweza, Mungu anisamehe, lakini niliyanywa yote huku nikitabasamu, na kila nilipomaliza Eeddo alisema "Maashallah, anapenda!" akanijazia tena. Nilipewa mto wa karibu na feni. Kipande kizuri cha nyama kilisogezwa upande wangu. Nikitaka kusaidia kuondoa sahani, Eeddo alinifukuza kwa khanga. Nilirudi bwenini nimeshiba, nanuka ubani, na vile vitanda vitatu havikunitisha tena. Kwa mara ya kwanza nilikosa kununua sukari kwa wiki tatu. Nilikuwa na furaha, nasema waziwazi, na sijui kama nimewahi kuwa nayo tena ya namna ile.

Sasa kosa. Ili ulielewe lazima nikueleze jinsi Garissa ilivyokaa. Makka iko juu yake sawasawa, kaskazini ya moja kwa moja, kama ilivyo kwetu Mombasa, ambako wazee mpaka leo kaskazini huiita kibla. Kwa hiyo sisi watatu tulipofungua mchoro, hatukuhitaji mshale wa dira. Juu ya kioo cha kompyuta ni kibla, basi. Mtu wa Nairobi angeuangalia mshale. Sisi tangu utoto tulikuwa tunajua tunaswali wapi. Vyoo vya zahanati, vinane, vya kuchuchumaa, nilivipanga kwa adabu inayojulikana na kila Mwislamu: mgonjwa akichuchumaa, kibla kiwe ubavuni mwake, si mbele wala mgongoni. Lakini programu ile ina kaskazini mbili, moja ya mchoro na moja ya ardhi. Mwezi wa tatu wa kazi nikaona baraza letu la wagonjwa limeipa barabara mgongo. Nikaizungusha ardhi chini ya jengo, robo mzunguko, ili baraza litazame barabara na jua la asubuhi liingie kwenye picha. Kwenye kioo kuta hazikusogea hata kidole. Kilichosogea ni ule mshale pembeni, mdogo kama punje ya mchele. Sikuutazama.

Siku tatu nilitengeneza picha ile. Nilitia mwanamke ameketi barazani na mtoto, nikatia mgunga, nikatia kivuli cha mgunga. Nikawaita waje kuona. Abdinoor akapiga mluzi. "Wallahi hii ni kama nimefika," akasema. Hodan akasogea, akachukua kipanya, akarudi kwenye ramani ya kiwanja, akaikuza. Halafu akamwambia Abdinoor neno kwa Kisomali, kwa sauti ya chini. Abdinoor akainama. Wakazungumza, muda mrefu kuliko kawaida, bila kubishana, na hao walikuwa watu wa kubishania hata upana wa mlango. Sikuelewa, wala sikutaka kuelewa. Nilikaa katikati ya sauti zao mbili nikiota moto. Kisha Abdinoor akanigeukia. "Twaha, labda turudishe kama ilikuwa mwanzo?"

"Kwa nini?"

Akamtazama Hodan. "Hakuna. Ile ya kwanza pia ilikuwa nzuri tu."

Hapo nikasema maneno ambayo bado huniamsha. Nikasema nimeifanyia kazi siku tatu, sijalala. Nikasema, "Mimi huku sina mtu. Nyinyi ndio watu wangu. Nimeifanya hii kwa ajili yenu." Na sauti ikanikatika, mtu mzima wa miaka ishirini na mbili, mbele ya msichana. Feni ikazunguka. Hodan akarudisha picha kwenye kioo akasema taratibu, "Iko sawa, Twaha. Ni nzuri sana." Eeddo akaleta sinia, tukanawa, tukala. Niliihesabu siku ile kuwa bora kuliko zote za Garissa.

Tukafika Nairobi, miongoni mwa wale sita. Ukumbi ulikuwa na baridi ya mashine, viti vya kitambaa, na chupa ya maji mbele ya kila mwamuzi. Waamuzi walikuwa watatu, mmoja wao mhandisi mwanamke wa Isiolo, mtu mzima, amejitanda mtandio mweusi na miwani imeshuka puani. Abdinoor akaeleza mabomba, Hodan hesabu, mimi nikaonyesha picha na watu wakaguna kwa kupendezwa. Yule mama akaomba turudi kwenye ramani. Akatazama. Akavua miwani. "Wanangu, naona mshale wenu. Mgonjwa wa Balambala akiingia choo hiki, ataelekea wapi?" Nikautazama mshale kwa mara ya kwanza. Vyoo vinane, vyote vinane, vimeelekezwa Makka. Na vya jengo la kuhudumia Waislamu watupu! Wale waamuzi wengine wawili hawakuelewa, ikabidi yule mama awaeleze, na alipokuwa akieleza, ukumbi mzima ukawa unaelewa nasi tumesimama pale.

Abdinoor akanipokonya kipaza sauti. "Injinia, ni mimi niligeuza kiwanja. Makosa ni yangu."

"Na wenzako hawakuona?"

"Hawakuona."

Yule mama akatutazama mmoja mmoja, akaandika kitu, akasema, "Fundi huyu bomba zake nzuri, lakini hawezi kupewa nyumba ya watu." Tukawa wa sita. Vijana wa vyuo vingine walimcheka Abdinoor kwenye foleni ya chakula, naye akacheka nao, akawauliza kama wanataka awachoree choo. Nami nikanyamaza! Sikusema ni mimi. Siku ile wala siku nyingine. Nilijiambia kwamba ndugu hubebana, na huyu amenibeba, na nikianza kukanusha nitaiharibu hisani yake. Miaka yote hii, nikiulizwa kama nilipata chochote Garissa, husema nilipata ndugu mmoja. Watoto wangu wanamjua kwa jina bila kumwona.

Lakini mashindano yalipokwisha, sebule nayo ikaisha. Hakuna aliyenifukuza. "Karibu wakati wowote," Eeddo aliniambia, na nilikwenda mara mbili. Mara zote mbili nilipokewa kama sultani, nikaandaliwa chai na kaimati, nikakaa na Eeddo peke yangu tukitafuta la kusema, Hodan akiwa chumbani anasoma na Abdinoor akiwa ametoka. Hapakuwa na kazi ya kutuweka pamoja. Mara ya tatu nilifika mpaka langoni, nikasikia wanacheka ndani, nikageuka. Njiani nikapitia dukani. "Karibu, warya," akasema yule mwenye duka. "Umepotea." Nikanunua robo ya sukari.

Basi mwezi uliopita nikaketi kwenye mkeka wa Abdinoor. Sasa ni mkandarasi, anajenga madarasa na matangi ya maji, amenenepa, ndevu amezitia hina. Eeddo alifariki miaka iliyopita, Mungu amrehemu. Hodan yuko Wajir, ana kampuni na wanaume kumi na wawili wanaomwita bosi. Tulikula mpaka nikashindwa kuinama. Nikatoa lile dodoso nimchekeshe. Nikamsomea visanduku vyote vitano, kisha nikamwambia ukweli, wa vitanda vitatu na wa sukari. Hakucheka. Nikaona nimalizie la moyoni kabisa, maana umri unakwenda. "Lakini nilipata ndugu," nikamwambia. "Siku ile Nairobi. Kosa lilikuwa langu, ukalibeba wewe, na sijawahi kukushukuru wala kukuomba radhi. Leo nakuomba."

Akakoroga chai iliyokwisha korogwa. "Twaha, ile kitu tuliona."

"Kitu gani?"

"Kibla. Mimi na Hodan. Siku ile ya bicha, saa hiyo hiyo. Hodan ndiye aliona kwanza."

Nilidhani ananitania. Nikamtazama, nikaona hanitanii. "Mliona," nikasema, "na mkaniacha nipande jukwaani?"

"Tungesema aje? Ulikuwa mgeni yetu. Nilikuambia turudishe, ukakataa, ukasema yale maneno, macho imejaa maji. Eeddo alisikia jikoni. Akatuambia, huyo mtoto ya watu musimwaibishe ndani ya nyumba yangu, ni mchoro tu, hakuna mtu atakaa hapo." Akafuta ndevu. "Na Nairobi pia. Mgeni haachwi kubeba aibu. Mtu yoyote angefanya hifyo."

"Na ningekuwa ndugu yako?"

"Aa, ndugu!" Uso wake ukafunguka, akacheka. "Ungekuwa ndugu ningekufokea mbaka majirani wakuje. Hodan mimi nilimfokea mara ngapi? Eeddo alikuwa anatubiga na fiatu."

Ni kweli. Mle ndani walifokeana kutwa, kwa chumvi, kwa waya wa chaja, kwa mlango ulioachwa wazi, na sikumbuki hata mara moja sauti ikipandishwa juu yangu. Nilidhani ni mapenzi. Na yalikuwa mapenzi, sikatai. Hayakuwa yale niliyoyatafuta. Kwetu husemwa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na mimi miezi minne nilikaa mle ndani nikingoja jembe langu bila kujua kwamba ndilo ninalolingojea. Walinipa nyama nzuri badala yake. Nilikaa kwenye mkeka wa Abdinoor, nimekasirika nisijue nimkasirikie nani. Je, huyu aliyenilinda mara mbili? Au yule marehemu aliyenijazia maziwa?

"Basi nifokee sasa," nikamwambia.

"Nini?"

"Nifokee. Kosa nimelikiri, lile pale. Nilikataa kusikia, nikawaaibisha, nikakuachia ubebe, nikanyamaza miaka yote. Nifokee, Abdinoor. Sina haja ya chai."

Akaniangalia. Akaona sitanii. Akaweka kikombe chini, akakaa sawa, akavuta pumzi, na nikaona kweli anataka; mshipa wa shingo ulimsimama, kidole akakinyoosha, kinywa akakifungua. Nilimngoja. Wallahi nilimngoja kama mtu anayengoja jina lake liitwe. Kidole kikashuka kidogo kidogo mpaka gotini.

"Nikufokee aje, Twaha," akasema, "na leo umekuja kwangu?"

Akamwita mtoto alete maji ya kunawa, akaniuliza kama nyama ilinitosha.